Kadi za ngeli mezani kwetu: shajara ya mradi, Januari hadi Aprili 2025

Jumamosi, 11 Januari

"Mama, kitabu yangu iko wapi?"

Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya nifungue daftari hili jipya. Binti yangu ana miaka kumi, ameingia Gredi ya 5. Mdogo wake wa kiume ana saba. Wote wamelelewa hapa Kitengela, karibu na Nairobi, wanacheza na watoto wa kila kabila, na Kiswahili chao kina mlango mmoja wa kuingilia na mmoja wa kutokea: *yangu* na *zangu*. Kitabu yangu, gari yangu, mtoto yangu, vitu zangu, kitu ingine. Mtaani hakuna anayewakosoa kwa sababu kila mtu anasema hivyo na kila mtu anaelewa. Lakini mimi ni mzaliwa wa Malindi, kule pwani, na kila likizo tukienda kwa mama yangu naona wanavyokaa kimya barazani, wanaogopa binamu zao watawacheka. Kile kimya kinaniuma kuliko alama yoyote ya mtihani.

Jedwali la ngeli, yale makundi ya nomino, analo. A-WA, U-I, LI-YA, KI-VI, I-ZI, U-ZI, zote mpaka PA-KU-MU. Jana usiku alinikariria bila kukosea hata moja, akafunga daftari, akaniomba "kijiko ingine".

Mimi ni fundi cherehani. Mwanafunzi akija kujifunza kazi kwangu simpi jedwali la vipimo akariri. Nampa mkasi, chaki na kipande cha kitambaa. Nataka kujaribu vivyo hivyo na ngeli: kadi za kushika, za kupanga, za kupindua. Muda: dakika ishirini baada ya chakula cha jioni, siku nne kwa wiki. Vifaa: manila nne, karatasi ya kaki niliyobakiza dukani, kalamu za wino mzito, kamba ya nguo na vibanio.

Jumapili, 19 Januari

Mteja wangu mmoja anafundisha chekechea inayofuata njia ya Maria Montessori, yule daktari Mwitaliano aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto mjini Roma mwaka 1907. Aliposikia ninachofanya akaniazima kisanduku cha alama za sarufi. Ni kitu kizuri mno. Nomino ni pembetatu nyeusi, kitenzi ni duara jekundu, kivumishi pembetatu ya buluu, na mengine yana maumbo yake. Mtoto anasoma sentensi, kisha anaweka alama juu ya kila neno. Kulikuwa pia na pembetatu ndogo za buluu hafifu za kile kineno kinachotangulia nomino katika Kiitaliano na Kiingereza. Kwetu hakipo, kwa hiyo hizo zilibaki kisandukuni.

Niliandika: *Mtoto anasoma kitabu.* Binti yangu akaweka nyeusi, jekundu, nyeusi. Haikuchukua hata dakika moja. Sahihi kabisa. Baada ya hapo akaniuliza kama aweke "kitabu yake" mkobani.

Nimefikiria jambo hili usiku kucha. Alama zile zinaonyesha neno ni la aina gani, na kwa lugha ambayo kila neno limesimama peke yake, hiyo ni kazi kubwa. Kwetu sarufi nyingi imo ndani ya neno. *Anasoma* peke yake ina mtendaji, ina wakati, ina tendo. *Kizuri* ina sifa, na ina mkono ulioshika *kitabu*. Kumpa mtoto kadi yenye neno zima ni kama kumpa shati lililokwisha kushonwa na kumwambia ajifunze kushona. Neno lazima likatwe, na likatwe penye mshono.

Nimerudisha kisanduku kwa shukrani. Naanza kukata zangu.

Jumatano, 29 Januari

Toleo la kwanza limeshindwa, naandika hapa nisije nikalirudia.

Nilikata kadi 36 za nomino, sentimita 10 kwa 5, na vipande vidogo vya viambishi, sentimita 3 kwa 5. Kila ngeli niliipa rangi: A-WA nyekundu, KI-VI kijani, U-I buluu, LI-YA manjano, I-ZI zambarau. Nomino nikaziandika kwa rangi hizo hizo. Watoto walifurahi sana, walipanga kila kitu bila kosa, nami nikadhani nimeshinda. Kumbe mdogo, ambaye bado anasoma kwa kusitasita, alikuwa anapanga haraka kuliko dada yake. Nikamuuliza neno lile linasemaje. Hajui. Alikuwa analinganisha kijani na kijani.

Nimezifanya upya. Nomino zote sasa ni wino mweusi kwenye manila nyeupe, na rangi ya ngeli ni nukta moja nyuma ya kadi. Mtoto anaamua kwanza, kisha anapindua kujikagua mwenyewe. Nukta ile imeniondoa kwenye kiti cha hakimu. Nilikuwa naona wakinitazama usoni kila wakiweka kipande, kutafuta kama nimekunja uso. Sasa wanatazama kadi.

Jumamosi, 8 Februari

Wiki ya vivumishi. Nilifunga kamba kutoka mlangoni hadi dirishani, tukawa tunaning'iniza sentensi kwa vibanio. Nomino inatangulia, vingine vinafuata nyuma kama watoto wa bata.

Tatizo la kwanza lilikuja na *-angu*. Mtoto anabandika *ki* na *angu*, anasoma "kiangu". Nilijaribu kueleza, maneno yakawa mengi kuliko faida. Mwishowe nikafanya kila kiambishi kiwe na pande mbili: *ki* mbele, *ch* nyuma. *Vi* na *vy*. *U* na *w*. *Li* na *l*. *Zi* na *z*. Sheria ni moja tu: kipande kikikutana na konsonanti kinabaki kilivyo, kikikutana na irabu kinapinduliwa. *Kizuri*, *changu*. *Vizuri*, *vyangu*. *Gari langu*. Siku ya pili mdogo alikuwa anapindua bila kuambiwa, na alitoa *kingine* peke yake. Alisoma "chingine" kwanza, akaguna, akaipindua tena. Hapo ilinibidi nikiri kwamba *-ingine* haifuati sheria yetu sawasawa: ni *kingine* na *vingine*, si "chingine". Tumeiandikia kadi yake yenye mstari mwekundu pembeni, na zile zenye mstari mwekundu tumeziita wakaidi.

I-ZI ndiyo iliyonitoa jasho. Nilikata kipande cha *n*, na jioni hiyo hiyo kambani kukawa na "nkubwa" na "nrefu". Mtoto hakukosea; mimi ndiye niliyekata pasipo mshono. Kwenye I-ZI sauti zinayeyukiana: *-refu* inakuwa *ndefu*, *-baya* inakuwa *mbaya*, *-zuri* inakuwa *nzuri*, *-pya* inakuwa *mpya*, na *kubwa* haipokei chochote. Nimeviandika vivumishi hivyo vizima kwenye vipande virefu vya zambarau. Sioni aibu kuacha kukata pale ambapo mkasi unaharibu kitambaa.

Kuna pia kundi la vivumishi visivyovaa kiambishi popote: *safi*, *rahisi*, *ghali*, *laini*, *hodari*. Hivyo tumevikata kwa karatasi ya kaki vionekane tofauti. Vingi vyake vimetoka Kiarabu. Binti yangu akauliza kama namba nazo ziko hivyo, tukazipanga zote mezani kuona. *Watoto wawili, vitabu viwili, miti miwili, nyumba mbili.* Moja, mbili, tatu, nne, tano na nane zinabadilika. Sita, saba na tisa zimekaa vile vile, na hizo tatu ndizo za Kiarabu. Kumi nayo haibadiliki, ingawa ni ya kwetu. Nimesema Kiswahili maisha yangu yote, na sikuwahi kuliona hilo mpaka lilipolala mezani mbele yangu.

Jumapili, 23 Februari

Leo ndiyo siku bora tangu tuanze, na yote ilitokana na kiboko.

Binti yangu aliweka *kiboko* na *kimelala*. Akapindua. Nukta nyekundu. Akakasirika, akasema nimekosea kupaka. Na ana haki ya kukasirika, kwa kuwa neno limeanza na *ki*, wingi wake ni *viboko*, kila kitu kinasema KI-VI. Nikamwambia achore kwenye karatasi anachokiona akilini akitamka *kiboko*. Akachora mnyama, mdomo wazi. "Analala au kinalala?" Kimya. "Analala."

Basi nikachora chini yake mjeledi, wa ile ngozi ya kiboko waliyokuwa wakichapiwa watu zamani. Huo nao ni kiboko. *Kiboko amelala. Kiboko kimekatika.* Kadi moja, nukta mbili nyuma. Walikaa saa nzima kutafuta mapacha wengine. Tumepata *ndege*: ndege amepaa kutoka mtini, ndege imepaa kutoka uwanjani. Tumepata *kaa*: kaa amejificha mchangani, kaa la moto limezimika. Kifaru, kipepeo, kijana, kipofu wote wamehamia kwenye nyekundu.

Hapa ndipo nilipoelewa kwa nini vitabu vina majina ya aina mbili. Zamani tulifundishwa M-WA, M-MI, JI-MA, yaani kwa umbo la nomino yenyewe. Watoto wa siku hizi wanafundishwa kwa upatanisho, A-WA, U-I, LI-YA, yaani kwa jinsi nomino inavyoyashika maneno mengine. Kwa kadi, njia ya pili ni bora zaidi. Uhai unakuwa na nguvu kuliko umbo, na mtoto anauona kwa macho pale kiboko anapovuka kutoka kijani kwenda nyekundu.

Kabla hatujakunja meza, mdogo akaniuliza swali ambalo sikuwa tayari nalo. Kama *mtoto yangu* ni kosa, mbona mimi mwenyewe nasema *dada yangu*?

Nilimpigia simu mama. Sikumuuliza sheria, nilimwambia tu anitajie watu wake. Akataja: rafiki yangu, jirani yangu, shangazi yangu, bibi yangu, marehemu babu yangu. Halafu: mume wangu, mjomba wangu, mjukuu wangu, mtoto wangu. Tukaandika zote. Zile zinazoanza na *m* ya mtu zinakwenda na *wangu*. Za undugu na ujirani zisizokuwa na *m* hiyo zinakwenda na *yangu*, na wingi *zangu*. Lakini ni katika umiliki tu. Tumetundika hii kambani na imebaki hapo hadi sasa ninapoandika: *Rafiki yangu mpya amefika.* *Yangu* ni zambarau, *mpya* ni nyekundu, *amefika* ni nyekundu. Rangi mbili kwenye mstari mmoja, na mstari uko sawa.

Kwa hiyo masikio ya mtaani hayakuwa yamekosa kila kitu. *Yangu* ina nyumba yake halali, tena zaidi ya moja, maana hata *magari yangu* ni sahihi. Niliwaambia hivyo watoto na niliona mabega yao yakishuka.

Jumamosi, 1 Machi

Vitenzi. Vipande vinne kwa mstari: nafsi, wakati, mzizi, kiishio. *A-na-som-a.* Ukanushi ndio uliokuwa unawashinda, na hapo pande mbili za kadi zimefanya kazi kuliko mahali pengine popote.

Kipande cha *me* nyuma yake kina *ja*. Cha *li* nyuma yake kina *ku*. Cha *ta* kina *ta* pande zote mbili. Cha *na* nyuma yake ni cheupe, hakina kitu, na kikipinduliwa lazima kiishio *a* kipinduliwe kiwe *i*. Unaweka *ha* mbele, unapindua wakati, unasoma. *Amesoma, hajasoma. Tulisoma, hatukusoma. Watasoma, hawatasoma. Wanasoma, hawasomi.* Kwa *ni* tumekata kipande cha pekee, *si*, kwa sababu "hani" haipo. Mdogo anapindua kama anacheza karata.

Vitenzi kama *jibu, rudi, fikiri, sahau* nimevikata bila kutenga kiishio. Irabu yao ya mwisho imeshonewa kwenye mzizi, haipinduki. *Hajibu. Harudi.*

Kisha ikaja *kula*. Mdogo akapanga *a-na-l-a*, akasoma "anala", akacheka. Dada yake akaongeza *ku*: *anakula*. Sawa. Wakapindua wakaleta "hajakula", kama wanavyosema wenzao wote. Niliwaambia ni *hajala*, wakaniuliza *ku* imekwenda wapi. Swali la haki kabisa.

Niliwaambia wapige makofi. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. A-na-KU-la. Sasa toa *ku*: mkazo utaangukia *na*, nayo *na* haiwezi kuubeba. Wala *li*, wala *me*, wala *ta*. Ndiyo maana *ku* inabaki, ibebe mkazo. Lakini *ja* inaweza: ha-JA-la. *Ku* ya ukanushi inaweza: ha-KU-la. Hata kitendwa kinaweza: simba a-li-M-la mbuzi, na hapo *ku* haitakiwi tena. Walizunguka nyumba nzima wakipiga makofi: hajala, hajanywa, hajaja, hajafa. Jirani alikuja kuuliza kuna nini.

Kipande cha *ku* sasa kimeandikwa kwa penseli, kwa sababu kinaondoka akifika wa kumpokea mzigo.

Jumamosi, 22 Machi

Ramadhani, na nguo za Idi zimejaa dukani hadi dari. Sijakata kadi hata moja kwa wiki tatu. Kamba bado ipo, sentensi ni zile zile.

Ila tumefanya kitu kimoja jikoni, bila meza. PA-KU-MU haifai kwenye kadi za mezani, nilijaribu ikawa kavu. Kwa watoto wangu kila kitu "kiko", tena wanasema "iko". Kwa hiyo nilibandika vipande vitatu tu: *mo* ndani ya mlango wa kabati, *po* juu ya meza, *ko* mlangoni kuelekea nje. Anayetayarisha futari anaulizwa. Kijiko ki wapi? *Kimo kabatini.* Mahamri ya wapi? *Yapo mezani.* Baba yu wapi? *Yuko msikitini.* Vyakula vyenyewe vinasaidia, kwa kuwa kila kimoja kina ngeli yake: mbaazi zimeiva, mahamri yamepoa, chai imemwagika, wali umeungua. Umeungua kweli, siku ya Jumanne.

Jumamosi, 12 Aprili. Malindi

Nilibeba kasha lote kwenye basi.

Mama yangu hajui neno *ngeli* kwa maana ya shuleni. Aliketi mkekani, akavaa miwani, akachukua vipande kimoja kimoja, na hakukosea hata mara moja. Binti yangu akamuuliza alijifunzia wapi. Akasema kwa mama yake, naye alikuwa hasomi.

Lakini aliona pengo kabla yangu. "Mbona hapana ufagio humu?" Kweli, U-ZI sikuwa nimeikata. Basi akaanza kutaja vilivyo mbele ya macho yake, na binamu zao wakawa wanaandika: ufagio, fagio. Ukuta, kuta. Ufunguo, funguo. Ukucha, kucha. Akajigusa usoni: uso, nyuso. Akatoa ulimi: ulimi, ndimi. Akashika ubavu: ubavu, mbavu.

Binti yangu alisimamisha mkono hewani. Alikimbilia kasha akatoa vile vipande virefu vya zambarau, akaweka *refu, ndefu* karibu na *ulimi, ndimi*, na *baya, mbaya* karibu na *ubavu, mbavu*. "Ni ile ile," akasema. Ni ile ile kweli: *n* inapoikuta *l* au *r* inaleta *nd*, inapoikuta *b* inageuka *m*. Nilipoandika vivumishi vile vizima mwezi wa pili nilidhani nimemficha kanuni. Ameifikia mwenyewe, sakafuni kwa bibi yake, na aliisema kwa sauti mbele ya binamu wote sita.

Usiku alisimulia habari ya safari yetu barazani. Alikosea mahali pawili. Binamu mmoja alicheka kwenye la kwanza, naye akajirekebisha akaendelea.

Jumapili, 27 Aprili

Kasha limebaki Malindi. Mama aliomba, na binamu nao hawakutaka tuliondoe. Kadi zilikuwa 142 tulipoziacha.

Tumeanza jipya jana, na safari hii mkasi ni wao. Nimewanunulia manila sita. Masharti niliyowapa ni mawili: nukta nyuma, wino mweusi mbele. Binti yangu ameamua kuwa wakaidi wawe na pembe iliyokatwa, ili mtu aijue kwa kidole kabla ya kusoma. Ameanza pia kuniuliza juu ya *-o* ya urejeshi, *kitabu nilichokisoma*, ambayo ina mishono mitano au sita na sijajua nitaikataje. Nimechora kwa chaki kwenye kaki mara tatu nikafuta.

Mdogo amekaa karibu na cherehani. Ana kipande kirefu kilichoandikwa *hatujanywa*, na kalamu mkononi. Amechora mstari baada ya *ha*, mwingine baada ya *tu*, mwingine baada ya *ja*. Sasa anapiga makofi polepole kabla hajaugusa mkasi.